Besi Zilikuwa Zikilia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi ya ile filamu ya zamani ya kinu cha kusaga nafaka. Chumba nilichopewa kiko ghorofa ya chini ya ukumbi wa okestra: meza mbili, spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, dirisha linalotazama ukuta, na rafu ya karatasi za noti zilizoliwa na unyevu. Aliyeutunga muziki wa filamu hiyo alifariki zamani. Nusu ya kwanza ya karatasi zake imesalimika, nusu ya pili imekuwa uji. Kazi yangu ni kuisikiliza filamu na kuandika upya kila ala inapiga nini, kisha kuandika uchambuzi wa kurasa kumi kwa ajili ya kijitabu watakachogawiwa watazamaji. Mwishoni mwa Aprili okestra itaupiga muziki wote mbele ya watu huku filamu ikionyeshwa.

Mwenzangu wa meza ya pili ni mnakili wa noti, mzee ambaye kila mtu anamwita Wino kwa sababu ya vidole vyake. Zamani alikuwa mpiga besi. Inasemekana aliitaka nafasi yangu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

Nimeanza na sehemu ninayoikumbuka tangu nikiwa mwanafunzi: mjane anapanda ngazi ya kinu kwenda darini, na huko juu kuna kitu kinatembea. Miaka kumi na miwili iliyopita sehemu hiyo ilinifanya nipandishe miguu juu ya kiti mbele ya darasa zima. Leo nimeitazama mara tatu huku nakunywa chai. Sikushtuka hata kidogo. Labda nimekua.

Alhamisi, 6 Machi

Hofu nayo ina mafundi wake. Ngazini pale, viola na selo zinashikilia kordi ya La ndogo, yaani La, Do na Mi kwa pamoja, zikiwa zimewekewa viziba sauti hadi zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Juu yake klarineti inapiga noti tatu, inanyamaza, inazirudia, inanyamaza kwa muda mrefu zaidi. Filimbi hakuna. Tarumbeta hakuna. Kila ala yenye mwanga, mtunzi ameifungia nje. Na kuanzia kipimo cha 40 hadi cha 48, mjane akiwa katikati ya ngazi, hata besi zinanyamaza. Nimeandika alama za pumziko vipimo vyote tisa, nikaona nimeshika siri yake: anampandisha mwanamke huyu huku amemwondolea sakafu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Nimefika kazini viatu mkononi.

Ijumaa, 14 Machi

Mume wangu siku hizi anamumunya maneno. Ni fundi wa lifti, anarudi amechoka, nasema sawa, lakini kuchoka ndiko kuongea na kifua?

"Umesema nini?" nilimuuliza jikoni.

"Basi, yaishe."

"Si useme tena tu!"

"Nimesema friji inaunguruma. Tangu Jumatatu inaunguruma kama lori la mchanga. Wewe uko nayo humu ndani kila jioni, hata kuniambia?"

Nikasema niliisikia, nilisahau tu. Sikuisikia. Niliweka mkono juu ya mlango wake nikijifanya natafuta maziwa, na kweli ilikuwa inatetemeka.

Mama alikuwa mezani anachambua mboga. Mama haisikii dunia kwa miaka ishirini na sita sasa, ila anasoma midomo kuliko mtu yeyote. Aliniangalia muda mrefu, akarudi kwenye mboga zake.

Jumatano, 19 Machi

Wino amekuja na ukurasa wangu, ameushika kwa ncha za vidole kama kitu kilichomwagikiwa.

"Hapa kwenye ngazi, binti. Umeandika besi zipumzike?"

"Ndiyo, mzee. Vipimo tisa."

"Una hakika?"

"Nimesikiliza mara kumi."

Akanitazama, kisha akatazama sikio langu la kushoto, kisha ukurasa. "Haya," akasema, akaenda zake. Nimekasirika siku nzima. Mtu akikosa cheo asitafute makosa kwenye kazi ya aliyekipata.

Jumatatu, 24 Machi

Kijiti, kiongozi wa okestra, amesoma rasimu ya uchambuzi wangu. Alisimama katikati ya chumba akisoma kwa sauti yake nyembamba, mkono mmoja hewani kama anaongoza wapigaji: "Ukimya wa besi ndio moyo wa filamu hii." Akasema, "Miaka yote watu wameitazama, hakuna aliyeliona hilo! Kesho nina mahojiano redioni, nitaanza na hili."

Nilimtazama Wino. Alikuwa ameinamia karatasi, anachonga kalamu ambayo ilikuwa imeshachongoka.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua siku ya tano. Mwenye duka ameniambia niongeze sauti, eti nanong'ona kama mtu wa msibani.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa saba mchana Wino alitoka kwenda kula. Nilibaki peke yangu na filamu, nikiwa na penseli niliyoiacha imelala juu ya spika ya kulia. Mjane akaanza kupanda. Viola zikaingia, klarineti ikapiga noti zake tatu. Kipimo cha 38, cha 39. Halafu kwenye cha 40, pale nilipoandika kwamba hakuna kitu, penseli ikaanza kutembea.

Sikuigusa. Spika sikuigusa. Ilijisogeza yenyewe taratibu kuelekea ukingoni, ikitetemeka, chumba kikiwa kimya kwangu isipokuwa zile viola za mbali. Nilidhani, na sioni haya kuandika, kwamba kuna kitu chumbani. Penseli ikafika ukingoni ikaanguka. Ikadunda sakafuni, nikausikia mdundo wake vizuri kabisa.

Nikarudisha filamu nyuma, nikaweka kiganja juu ya mbao za spika. Kipimo cha 40: mbao zikaamka. Mtetemo mzito, wa polepole, ukapanda hadi kwenye kiwiko. Nikaondoa mkono, ukimya. Nikarudisha mkono, upo. Besi zilikuwa zikilia. Zimekuwa zikilia tangu siku ya kwanza, vipimo vyote tisa, na chumba kizima kinazisikia isipokuwa mimi.

Friji. Mume wangu anayemumunya. Filamu isiyonitisha. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango ili mtu yeyote asiingie. Nilianza kujipima: nikavuma kwa sauti ya juu, nikaisikia. Nikapiga goti langu, nikasikia. Nikagonga ubavu wa ile rafu ya chuma, ambayo lazima inavuma kama kengele kubwa, nikapata ncha tu ya sauti, "tk", kama kucha kwenye kioo.

Nina miaka thelathini na sita. Sina kazi nyingine ninayoijua zaidi ya masikio.

Wino aliporudi alinikuta nafuta vumbi. Alisema jambo. Nikatabasamu, nikaitika "ndiyo, mzee." Sijui nimekubali nini.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo mvua imenipa matumaini, kisha ikayachukua. Ilipiga paa la ukumbi tangu asubuhi, mazoezi yakaendelea humohumo, na nikasikia kila mtu! Kijiti, wapiga honi, mpaka mlinzi. Nilicheka, nikajibu maswali, nikajiambia ilikuwa nta ya sikio tu, imetoka. Saa nane mvua ikakatika ghafla, na sauti zao zikaondoka nayo. Midomo ikabaki inachezacheza. Ndipo nikaelewa: wakati wa mvua wote walikuwa wanapiga kelele.

Jumatano, 9 Aprili

Mama amenikamata. Sina neno jingine. Mume wangu alikuwa kazini, nami nilikuwa namwambia Mama mambo ya soko, akanyoosha kidole akaigusa shingo yangu, pale sauti inapotokea.

"Huongei," akasema. "Unapumua tu. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mwanangu, mimi si wa kudanganywa kwa mdomo. Midomo ndiyo kazi yangu."

Nikalia. Alinisubiri nimalize, maana mtu akilia midomo haisomeki.

Kisha akanieleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Siku zote nyumbani tulisema Mama alipoteza masikio kwa homa baada ya kumzaa mdogo wangu. Haikuwa homa. "Alianza kunitoka baba yako. Wewe na shangazi zako niliwasikia, yeye akawa anafifia. Nikadhani amenichoka. Tuligombana mwaka mzima kwa sababu ya sauti tu. Halafu zikafuata ngoma, halafu magari. Watoto nimewasikia mwisho."

"Na Bibi?"

Akatazama pembeni. "Bibi yako naye. Na dada yake."

"Ulijua! Ulijua iko kwenye damu, ukaniangalia nasoma muziki miaka yote ile?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unarudi shuleni unaimba njia nzima. Ningekuambia uache?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Niliyasema taratibu, wazi, uso wangu mbele ya uso wake, ili asikose hata moja. Aliyapata yote. Akainuka akaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewaza utoto wangu. Nilipokuwa naona aibu Mama akiitwa na asigeuke. Nilipokuwa namwacha nyuma makusudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikuja akakaa upande wangu wa kulia na kuongea kwa sauti ya juu, taratibu: "Mimi nilidhani umenichoka." Maneno yaleyale ya Mama. Ameomba ruhusa kazini, tumekwenda wote kwa daktari.

Daktari ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Aligonga uma wa chuma, ule wa kupatia sauti ya ala, akaushika mbele ya sikio langu la kushoto. Hakuna kitu. Akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mlio ukanijaa kichwa kizima, mnene, safi. Niliruka kwenye kiti.

"Umeusikia kwenye mfupa, hukuusikia hewani," akasema. "Maana yake mshipa wa kusikia ni mzima. Ndani humu kuna kimfupa, kidogo kuliko vyote mwilini, kinachotakiwa kucheza. Chako kimeganda. Cha kulia nacho kimeanza."

"Kinatibika?"

"Tunakitoa, tunaweka kingine cha kutengeneza. Wengi wanarudi kusikia. Ila sitakuficha: kati ya watu mia, mmoja sikio hilo linakufa moja kwa moja."

Njiani mume wangu alisema tisini na tisa ni wengi. Mimi nilikuwa namfikiria yule mmoja. Naye alikwenda akiwa ameambiwa tisini na tisa ni wengi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kijitabu kinakwenda kuchapwa kesho jioni na uongo wangu umo ndani, ukurasa wa sita. Nimekwenda kwenye kabati la noti za wapigaji ili nizifiche za besi nizirekebishe kwa kukisia. Nimezikuta zimerekebishwa. Vipimo vyote tisa vina noti, kwa mwandiko unaoiga wangu hadi mkia wa herufi. Na si hapo tu. Kila mahali nilipoandika pumziko kuanzia ukurasa wa ishirini, pamejazwa.

Wino alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akiingia.

"Tangu lini, mzee?"

Alikuja upande wa kulia ndipo akajibu. "Tangu ile siku niliyokuuliza. Nilikuona unageuza shingo kama kuku."

"Mbona hukumwambia Kijiti? Si ungepata nafasi hii?"

"Nafasi niliitaka, kweli. Niliitaka kwa kuwa noti hizi nilizipiga mwenyewe nikiwa kijana, mtunzi akiwa amesimama palepale. Besi zikiwa sawa, mimi nimeshapata nilichotaka." Akajikuna kidole chenye wino. "Lakini uchambuzi si wangu. Hapo sikugusa. Hapo utasema mwenyewe."

Na mimi wiki sita nimekuwa nikimwona mchawi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Kijiti saa mbili asubuhi kabla ujasiri haujapoa. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Besi hazinyamazi, mimi ndiye nisiyesikia.

"Nimelisema redioni," akasema. "Nimemsifu marehemu mbele ya nchi nzima kwa kitu ambacho hakukifanya!"

"Najua."

"Hujui. Ningekuwa nimesimama pale jukwaani, besi zinapiga, watu wameshika kitabu kinachosema zimenyamaza." Akatembea hadi dirishani, akarudi. Alisema mengine akiwa amenipa mgongo, sikuyapata, na niliogopa kumwambia arudie. Mwishoni akageuka. "Ukurasa mpya mezani kwangu saa tisa. Baada ya hapo tutaona kama unabaki."

Nitauandikaje ukurasa wa noti nisizozisikia? Nilirudi chumbani nikamwambia Wino yamekwisha, nikamsimulia na ule uma wa daktari. Akatoka. Akarudi anasukuma besi kubwa, ile kongwe ya stoo, anahema.

"Daktari alisema mfupa unasikia?"

"Ndiyo."

"Basi weka mfupa."

Nikaegemeza paji la uso kwenye shingo ya besi. Mbao zilikuwa baridi, zinanukia vumbi na gundi. Akavuta uta. Ewe Mola! Sauti ikaingia kupitia fuvu, nzito kama mtu anayesogeza kabati ndani ya kichwa changu. Si bemoli. Sio La, ambayo kordi inaiomba. Nusu hatua juu yake. Alipiga kipimo kimoja kimoja kama alivyofundishwa na mtunzi, nami nikiandika bila kuondoa kichwa, na hapo hofu ya miaka kumi na miwili iliyopita ikanirudia mwili mzima. Viola zinasema nyumba hii ni ya La. Besi, kwa sauti ya chini ambayo msikilizaji hajui kama anaisikia, zinakataa. Ndiyo maana tumbo linakaza kabla jicho halijaona kitu.

"Sasa sikiliza cha 46," Wino akasema.

Besi zikashuka. Nusu hatua, hadi La. Kordi yote ikakaa sawa, ikatulia, wakati mjane bado hajaugusa mlango wa dari.

"Anatulia mapema," nikasema. "Kwa nini anatulia? Bado hajafungua."

"Kwa sababu aliyeko juu ni wa nyumbani. Mtunzi anajua. Sisi bado."

Niliandika hivyo. Kwamba hakuna ukimya pale, kuna onyo, na kwamba kinachotisha kuliko onyo ni pale linapoondolewa. Saa tisa kasoro nikamkabidhi Kijiti. Alisoma mara mbili. Akasema, "Mbona hukuandika hivi mwanzo," kisha, nadhani, aliyajutia, maana alikuja akasimama mbele yangu na kuongea midomo wazi kama anayeongea na mtoto: "Baki."

Jumamosi, 26 Aprili

Onyesho. Nilikaa safu ya mbele, nimegeukia watazamaji. Besi zilipoingia niliona mabega ya watu mia tatu yakipanda. Noti iliposhuka yakashuka. Mlango ulipofunguliwa walipiga yowe, hilo nililisikia vizuri. Kisha palikuwa na makofi, na Wino hakuwepo. Alishaondoka kuwahi mvua.

Jumapili, 4 Mei

Kesho upasuaji. Nimeogopa hadi nimechoka kuogopa, kisha nikapumzika nikaanza tena. Nimemwomba Mama msamaha kwa maneno ya siku ile. Akasema, "Yapi?" Nikaanza kuyataja ili nimkumbushe, akafumba macho asiyasome.

Jumanne, 6 Mei

Kizunguzungu. Kitanda kinazunguka kama gurudumu. Sikio limeshindiliwa pamba. Nusu ya ulimi ina ladha ya sarafu. Sijui chochote.

Ijumaa, 9 Mei

Bado sijui. Mume wangu ananiandikia kwenye karatasi. Mwandiko wake mbaya mno, tumecheka.

Jumanne, 13 Mei

Leo pamba imetolewa. Mume wangu alikuwa kazini, Mama ndiye aliyenisindikiza. Daktari alivuta kitambaa kirefu chembamba cha pamba, kinatoka na kutoka, nami nimekamata ukingo wa kiti. Halafu akaweka koleo lake kwenye sinia la chuma, na nilidhani sinia limeangushwa toka ghorofani. Nikashtuka. Karatasi ikakunjwa, ikawa kama moto unaowaka. Kiti cha daktari kikaguna. Nikasikia mngurumo mzito nje, unaendelea tu, nikauliza ni nini.

"Jenereta," akasema daktari. "Iko nyuma ya jengo la tatu."

Ameniambia ladha ya sarafu inaweza kukaa miezi, sikio la kulia nalo litafuata njia hiyohiyo, tutakutana tena mwakani. Niliitikia yote. Sauti yake ilikuwa na sehemu ya chini ambayo sikujua anayo.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, anasoma uso wangu, hakuhitaji midomo. Nilidhani analia kwa ajili yangu. Kisha akajifuta, akamsogelea daktari, akauliza kwa ile sauti yake ya kupumua: "Na mtu wa miaka sitini na mbili? Amechelewa?"

Daktari akamgeukia, akaongea taratibu. "Umri si tatizo, mama. Tukupime kwanza. Siahidi."

Miaka ishirini na sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpeleka.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kupimia. Kulikuwa na watu kumi na moja mbele yetu. Mama alikuwa amekunja mikono ndani ya kanga. Nikamuuliza kama anaogopa, akaitikia kwa kichwa. Sikumwambia asiogope. Niliingiza mkono wangu humo ndani nikashika wa kwake, ulikuwa wa baridi.

Muuguzi akatoka akataja jina la mtu, akarudi ndani. Mama akaniangalia.

"Wakiniita," akasema, "utasikia?"

"Nitasikia, Mama."